Tulikivaa shingoni, leo tumekitia mfukoni

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza alichelewa darasani juma lililopita. Nilipomtaka aeleze, alinijibu akitabasamu: "Samahani Prof, nilikuwa nimeenda kuchukua kipande." Wenzake walimwelewa papo hapo na kumpongeza. Naam, kijana amekuwa mtu mzima, sasa ataweza kupiga kura na kusajili laini yake ya simu. Hapakuwa na hata mmoja aliyeshtuliwa na neno hilo. Mimi lilinigutusha, kwa kuwa nyumbani kwetu neno kipande halikuwahi kutamkwa kwa furaha.

Marehemu babangu alikuwa na kijaluba cha bati alichotilia ugoro. Nikiwa mtoto niliamini kilitengenezewa kazi hiyo. Siku moja nikamwuliza mbona kina mahali pa kupitishia kamba. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Hiyo ni mbugi." Mbugi, kwa Kikuyu, ni kengele anayovishwa mbuzi. Nilicheka, yeye hakucheka. Ilinichukua miaka mingi, na kusoma kwingi, kuelewa kwamba kijaluba kile kilikuwa kimebeba karatasi, na kwamba babangu alikuwa amekivaa shingoni akienda kibarua katika mashamba ya mkonge.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kipande ni sehemu iliyokatwa kutoka kwa kitu kizima: kipande cha mkate, kipande cha ardhi. Katika mashamba makubwa ya Tanganyika neno hili lilitumiwa kutajia kadi ya kazi. Kibarua alitiliwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na siku thelathini zilipotimia ndipo alipolipwa. Hapa Kenya kipande kilikuwa kikali zaidi. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na hati iliyoandikwa jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, pamoja na jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Kuondoka kazini bila mwajiri kutia sahihi lilikuwa kosa la jinai. Mtu aliyetoroka shamba moja hangeweza kuajiriwa kwingine, kwani karatasi ingemsema. Na aliyetafuta mshahara mnono zaidi alikuta mwajiri mpya ameshasoma alicholipwa na yule wa kwanza. Kipande kilizungumza kwa niaba ya mtu, tena mbele yake, kwa lugha ambayo wengi wa waliokibeba hawakuweza kuisoma.

Teknolojia iliyotumika haikubuniwa hapa. Mnamo 1858 afisa Mwingereza aitwaye William Herschel, aliyekuwa akihudumu Bengal nchini India, alianza kuwataka wenyeji watie alama ya mkono kwenye mikataba. Baadaye Azizul Haque na Hem Chandra Bose, wakifanya kazi chini ya Edward Henry, walibuni mfumo wa kuzipanga alama za vidole ili ziweze kutafutwa kwa haraka. Mfumo huo ulipofika London mwaka wa 1901 ulipelekwa kwa polisi ili wawatambue wahalifu. Raia wa kawaida wa Uingereza hakuchovya kidole chake kwenye wino, lakini kibarua wa Kenya, ambaye hakuwa ameshtakiwa kwa lolote, alichovya.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipoanza harakati zake mwaka wa 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamishi yake makuu, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mstari wa mbele, na askari walipofyatua risasi alikuwa mmoja wa waliouawa. Serikali ilisema waliokufa ni 21, wengine walisema ni wengi zaidi.

Kuna kisa kingine ambacho hakitajwi sana, nacho ndicho kinachonifikirisha zaidi. Mwaka wa 1947 sheria mpya iliondoa kipande na kutaka watu wa rangi zote wasajiliwe, vidole na vyote. Walowezi wakaja juu! Walidai kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kuvunjiwa heshima na kutendewa kama wahalifu. Serikali iliunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwishowe ikalegeza kamba: mwenye elimu angeweza kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Msomaji mpendwa, wale walowezi walikuwa na nini cha kuficha? Waliona tu kwamba mtu huru hashikwi kidole na kuwekwa kwenye wino bila kuulizwa anaonaje. Walikuwa sahihi. Kosa lao ni kuwa kwa zaidi ya robo karne hawakuliona jambo hilo katika mkono wa mwenzao.

Kipande kilikwenda, lakini fikra yake ilibaki. Wakati wa Hali ya Hatari Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na hati maalumu za kusafiria. Mnamo 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigwa msasa na kupewa kadi za ziada za kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi vitambulisho vitupwe. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka wa 2016 kudai vitambulisho, kwa sababu bila kitambulisho hawangeweza kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura. Mtu asiyetambuliwa na nchi yake ni kama hayupo. Swali langu ni la kisarufi, na pia ni la kisiasa. Kiswahili kinatofautisha kujitambulisha na kutambuliwa. Anayejitambulisha ndiye mtenda: anachagua aseme nini, kwa nani na kwa sababu gani. Anayetambuliwa ni mtendwa, na aghalabu mtenda hatajwi kabisa. Kibarua wa 1925 alitambuliwa. Je, sisi wa leo tunajitambulisha?

Tuchukue siku ya kawaida. Getini askari anakuomba kitambulisho, anaandika namba yake na namba ya simu kwenye daftari, pengine anakupiga na picha. Juzi nilimwuliza mmoja, "Kijana, daftari likijaa hupelekwa wapi?" Akanijibu kwa upole, "Mzee, mimi naandika tu." Ukifungua akaunti mtandaoni unaambiwa upige picha ya kitambulisho pande zote mbili, kisha uutazame uso wako kwenye simu, ugeuke kulia, ugeuke kushoto, upepese macho. Ukitaka mkopo wa haraka, programu inataka isome orodha ya watu unaowasiliana nao. Wakenya wengi waliijua maana ya ruhusa hiyo pale walipochelewa kulipa, na mama mkwe akapigiwa simu kuelezwa deni.

Katikati ya mwaka wa 2023, vijana kwa maelfu walipiga foleni, hata katika jumba la KICC, ili mboni za macho yao zipigwe picha na kifaa cha Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban Sh7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Sikuwalaumu wale vijana. Mwenye njaa akiambiwa atazame kwenye tufe apewe pesa, atatazama. Lakini namba ya siri ikiibwa hubadilishwa, ilhali mboni ya jicho haina ya akiba.

Kila ninapoyataja haya, hakosi mtu wa kuniambia: "Prof, kama huna unachoficha, unaogopa nini?" Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa. Tunayo maneno mawili, siri na faragha, na tunayachanganya. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni nafasi ya mtu mwenyewe, mahali ambapo mwingine haingii ila kwa ruhusa. Mgeni akifika mlangoni hupiga hodi, na mwenyeji huitikia karibu. Hatupigi hodi kwa kuwa ndani kuna wizi. Tunapiga hodi kwa kuwa ndani kuna mwenyewe. Katiba yetu ya 2010 inaitambua haki hii katika kifungu cha 31.

Na hodi si kugonga tu, ni kungoja jibu. Mwaka wa 2019 Huduma Namba ilipoanzishwa, jamii ya Wanubi na mashirika ya kutetea haki walikwenda mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza serikali kukusanya DNA na kurekodi mahali mtu alipo, na ikasema mfumo ule hauwezi kuendelea pasipo kanuni za kutosha za kuulinda. Ilikuwa mara nyingine Wakenya kusema kwamba mlango una mwenyewe. Safari hii hakuna aliyepigwa risasi, na hayo ni maendeleo.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema ridhaa lazima iwe wazi, huru, mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa akaelewa. Ninalisisitiza neno hilo: akaelewa. Mkataba wa programu ya simu huja kwa Kiingereza cha mawakili, umerefushwa kama reli, na mwishoni kuna kidude cha kubonyeza "Nakubali". Nimefundisha chuo kikuu kwa zaidi ya miaka thelathini na nakiri kwamba mimi hubonyeza bila kusoma. Babangu alivaa maandishi asiyoweza kuyasoma. Mimi nabeba maandishi ninayoweza kuyasoma lakini siyasomi. Na muuza mboga wa sokoni anabeba ambayo hayakuandikwa kwa lugha yake hata kidogo. Hiyo si ridhaa, hata kama kidole ni chake.

Basi kazi hii inatuangukia pia sisi wa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Tusitosheke kubishana iwapo tuseme data ama takwimu. Tudai kwamba kila anayekusanya habari za Mkenya amweleze kwa Kiswahili chepesi, katika ukurasa mmoja, anachukua nini, anakipeleka wapi, na atakifuta lini. Askari wa getini naye apewe jibu la swali langu, kwa kuwa si haki kumfanya karani wa daftari asilolijua mwisho wake.

Baada ya somo yule mwanafunzi alinifuata. Nilikuwa nimewasimulia habari za mbugi, na furaha ilikuwa imempungua. "Sasa Prof, nisikitumie?" Nikamwambia akitumie, akapige kura nacho. Ila mtu yeyote akimwomba, amwulize kwanza ni wa nini. Sheria inampa haki ya kujua, haki ya kusahihisha yaliyoandikwa kumhusu, na haki ya kudai habari za uongo zifutwe. Babangu hakuwa na hata moja kati ya hizo, na kijaluba chake bado ninacho.