Mmisionari Aliyeogopa

Somo: Zaburi ya 56

Leo twataka kuzungumza habari za hofu, na mfano wetu hautoki mbali. Watoka Ukambani, mwaka 1851.

Wengi wetu tulipokuwa wadogo tulifundishwa kwamba wamisionari wa kwanza hawakujua hofu. Hata katika chuo cha theolojia tulisikia habari za Dakta Ludwig Krapf kana kwamba alikuwa mtu wa chuma. Lakini tukiyasoma masimulizi yake mwenyewe twakutana na mtu mwingine.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mkewe Rosina alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Kaburi lingali upande wa bara, Nyali. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianza kazi Rabai, nao walipanda kilima kile wakiwa wagonjwa. Hayo mwayajua.

Lisilosimuliwa sana ni safari ya Mto Tana. Krapf alitaka vituo vya Injili vivuke Afrika toka bahari hata bahari. Basi Agosti 1851 alifuatana na Kivoi, mkubwa wa Wakamba wa Kitui na mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Walipokaribia mto, wanyang'anyi wakawashambulia. Kivoi akauawa, watu wakatawanyika. Krapf alipiga bunduki, lakini alipiga hewani, kwa kuwa moyo wake haukukubali kumwaga damu ya mtu. Kisha akakimbia. Ndiyo, ndugu zangu, alikimbia porini kama mtu ye yote angalivyokimbia, akabaki peke yake, hana chakula wala maji.

Kiu ikamsukuma arudi kuutafuta mto ule ule wenye hatari. Akanywa. Lakini angechukua maji kwa chombo gani? Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na kitambaa. (Bunduki iliyojaa maji haimtishi adui!) Mchana alijificha, usiku alitembea. Miiba ikazichomoa zile ziba, na maji yale machache yakamwagika.

Hata alipofika kwa watu wa Kivoi, hatari haikwisha. Wao walikuwa na msiba mkubwa. Walimlaumu mgeni kwa kifo cha mkubwa wao, naye akasikia kwamba maisha yake yamo hatarini. Tusiwahukumu upesi. Waliofiwa pia wana hofu yao, na hofu hutafuta mtu wa kulaumiwa. Krapf akatoroka tena usiku, akila miwa ya mashamba ya watu gizani. Nguvu zilipomwishia akajitokeza mbele ya watu, na mwishowe akafikishwa salama. Huko Rabai walikuwa wamekwisha kusikia kwamba amekufa.

Sasa, imani ilikuwa wapi katika mbio zote hizi? Daudi naye, alipokamatwa na Wafilisti huko Gathi, hakudai kwamba haogopi. Alikiri hofu yake mbele za Mungu, na siku ile ile akamtegemea. Sisi mara nyingi twangoja hofu iondoke kwanza, ndipo tumtii Bwana. Tukingoja hivyo, nani atakwenda kumwona jirani tuliyegombana naye, au kukataa hongo mbele ya mkubwa wa kazi? Krapf alimwomba Mungu vichakani huku akitetemeka, na kulipokucha akajificha tena.

Afya yake ilivunjika, akaondoka pwani mwaka 1853. Rebmann alibaki mpaka 1875, akarudi kwao karibu kipofu. Krapf alifariki Novemba 1881 huko Kornthal, Ujerumani. Walioingia chumbani mwake asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Nasi tupige magoti. Tuombe.