Taarifa za Mzigo Zilivyopokezanwa Hadi Gisenyi

Mzigo unaokwenda Nengo na mitaa mingine ya Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, huweza kuhitaji idhini ya ofisi kadhaa: forodha, viwango, ukaguzi wa mimea. Kila ofisi ina hatua zake, lakini zote huuliza mambo yale yale: namba ya mlipakodi, msimbo wa bidhaa, uzito, nchi ya asili.

Enzi za karatasi, aliyepeleka taarifa hizo ofisi hadi ofisi alikuwa wakala wa forodha. Alijaza fomu, akapanga foleni, akanakili upya kwenye fomu ya ofisi inayofuata. Mzigo uliotoka Mombasa kwa lori ulitangazwa tena katika mipaka ya njiani, na tarakimu moja ikikosewa, karatasi hazikulingana, na lori likalala mpakani. Mfumo wa ASYCUDA, uliobuniwa na UNCTAD, shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na unaojulikana upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, kama SYDONIA, uliingiza tangazo la forodha kwenye kompyuta. Hilo pekee halikumwondolea wakala mzunguko wa kutafuta vibali.

Waundaji wa programu za kazi za ofisini walikabiliwa na swali kama hilo la kupokezana taarifa: mchakato mkuu ukianzisha mchakato mdogo, uukabidhi nini? Kanuni za michoro za BPMN 2.0, zilizotolewa na shirika la viwango la OMG mwaka 2011, zilitofautisha hali mbili. Mchakato mdogo uliopachikwa ndani ya mkuu huona vigeu vyote vya mkuu, yaani thamani zenye majina, kama uzito. Ule unaoitwa kutoka nje una vigeu vyake wenyewe: hupokea ulichokabidhiwa na hurudisha matokeo yaliyoainishwa. Kwa forodha, njia ya pili ndiyo ya haki. Mkaguzi wa mimea anahitaji kujua aina na asili ya mbegu. Bei aliyonunulia mfanyabiashara haimhusu.

Makabidhiano yana mitego yake. Chai, zao linalosindikwa Pfunda huko huko Rubavu, huanza na msimbo 0902. Mfumo ukiupokea kama namba badala ya maandishi, sifuri ya mbele hudondoka, na ofisi ya pili husoma 902, msimbo usiopatikana kwenye orodha ya ushuru. Kilo zikipokewa kama tani, kosa huwa kubwa zaidi na gumu kuonekana, kwa kuwa tarakimu zenyewe ni sahihi.

Mwaka 2012 Rwanda ilizindua dirisha moja la kielektroniki, lililojengwa juu ya ASYCUDA World. Wakala aliwasilisha taarifa mara moja, na ofisi za vibali zikazipata humo. Mwaka 2014 Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisogeza mpaka wa makabidhiano hadi bandarini: tangazo hufanywa katika nchi mzigo unakokwenda, ushuru hulipwa huko, na idhini ya kuuachilia hutumwa Mombasa au Dar es Salaam.

Kwa mzigo unaopita Gisenyi kuelekea Goma, thamani muhimu kuliko zote ni ile inayorudi. Safari huanza chini ya dhamana ya ushuru. Ofisa wa mpakani huthibitisha kwamba lori limetoka nchini, uthibitisho huo hurejea kwenye tangazo la awali, na dhamana hufunguliwa. Usiporejea, safari hubaki wazi kwenye mfumo hata kama mzigo umeshashushwa Goma, na wakala hubanwa kwa ushuru wa bidhaa ambazo hazikubaki Rwanda.