Jiwe Halitobolewi kwa Hasira

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, wiki hii siasa nimeziweka kando pamoja na bei ya sukari. Nitazungumzia tundu. Tundu lenyewe halizidi upana wa kidole, lakini lilinifunza historia ambayo sikuipata nilipokuwa nasomea stashahada yangu ya uandishi.

Wakazi wa Mwanza hawahitaji maelezo marefu. Nyumba zetu zimekaa juu ya mawe na katikati ya mawe. Uani kwangu upande mmja hauna ukuta, una jiwe la graniti lililoizidi nyumba kwa kimo. Mama watoto alitaka kulabu ya kufungia kamba ya nguo ipigwe kwenye jiwe hilo. Nikaazima drili ya umeme, nikaenda dukani kununua biti. Muuzaji akaniuliza, "Za kutobolea nini?" Nikamjibu kwa haraka, "Wewe nipe biti." Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Biti ya kwanza iligeuka rangi ya buluu kwa joto. Ya pili ikaisha makali kama penseli iliyotumika. Ya tatu ikakatika. Kufikia jioni jiwe lilikuwa na doa linalong'aa, basi. Mimi nilikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na usiku ule nilikohoa hadi jogoo wa kwanza.

Asubuhi nikamwendea mzee mmoja jirani ambaye amepasua kokoto tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jana nilikusikia. Jiwe limekukosea nini hata ukalikasirikia hivyo?"

Akaja na tindo, nyundo na kopo la maji. Anagonga, anaizungusha tindo kidogo, anagonga tena. Kila baada ya muda anamimina maji, kisha anakokoa unga wa jiwe uliolowa kama uji. Alianza baada ya chai, na kabla ya alasiri tundu lilikuwa limeingia urefu wa kidole. "Jiwe halitobolewi kwa hasira," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Nikajiuliza: binadamu amejifunza lini kazi hii? Nikatafuta vitabu, nikakuta kwamba makosa yangu ni ya zamani, na ujuzi wa mzee yule ni wa zamani zaidi.

Tuanzie Misri. Miaka ipatayo 4,500 iliyopita, mafundi wa mafarao walitoboa graniti, nao chuma hawakuwa nacho cha kufanyia kazi hiyo. Walikuwa na shaba, ambayo ni laini kuliko graniti. Mwingereza Flinders Petrie, aliyekwenda Giza mwaka 1880 kupima mapiramidi, aliyachunguza matundu hayo na akadhani kwamba mafundi walipachika vito vigumu kwenye midomo ya mabomba ya shaba. Majaribio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba hata mchanga unatosha. Bomba la shaba huzungushwa kwa uta, kama keekee ya seremala wa zamani, na mchanga hutiwa chini yake. Shaba hubeba mchanga, na mchanga ndio unaokula jiwe. Kazi huenda pole pole mno, lakini bandu bandu huisha gogo.

Siri yake ilipangwa vizuri mwaka 1812 na Mjerumani Friedrich Mohs, aliyeyapanga madini kwa ugumu, kuanzia 1 hadi 10. Kigumu hukwaruza kilicho laini kuliko chenyewe. Shaba iko kwenye 3 hivi. Kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wadogo wa dhahabu hulifuata chini ya ardhi, iko kwenye 7. Almasi ni 10. Graniti imejaa kwatsi, na mchanga nao mwingi wake ni kwatsi. Biti yangu ya chuma ilikuwa chini ya 7. Nguvu zote za umeme zilikuwa zinainoa kwa kuimaliza.

Kutoka Misri twende Khambhat, katika Gujarati ya India, mji ambao pwani yetu inaufahamu kwa karne nyingi. Huko mafundi walitoboa ushanga wa akiki kwa keekee yenye vipande viwili vidogo vya almasi nchani, huku maji yakidondoka juu yake. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika jinsi vyombo vya Kilwa, Mombasa na Malindi vilivyopeleka Sofala nguo na ushanga uliotoka Khambhat. Ushanga wa akiki umefukuliwa Kilwa. Kwa hiyo bibi zetu wa pwani walivaa shingoni matundu ya almasi kabla hatujapata jina la drili.

Lakini ushanga huo ulikuwa na gharama nyingine. Wasaga akiki wengi wa Khambhat wamekufa kwa silikosisi, ugonjwa wa vumbi la kwatsi linalokaa mapafuni na kuyageuza makovu. Vumbi hilo ni jembamba kiasi kwamba lile la hatari zaidi hulioni kwa macho. Likishaingia halitoki, na makovu hayana dawa ya kuyafuta.

Mashine zilipokuja ziliongeza kasi na zikaongeza vumbi. Wachimbaji wa Marekani waliziita drili kavu za miamba "watengeneza wajane". Kufikia mwisho wa miaka ya 1890, fundi J. George Leyner wa Colorado alikuwa amebuni drili inayopitisha maji ndani ya chuma chake hadi kwenye mwamba. Dawa ikawa imejulikana. Hata hivyo, mwaka 1930, huko Hawks Nest katika jimbo la West Virginia, lilianza kuchimbwa handaki kwenye mwamba uliojaa kwatsi, na drili ziliendeshwa kavu kwa sababu maji yanachelewesha kazi. Mamia ya wafanyakazi walikufa, wengi wao watu weusi waliofuata kibarua kutoka mbali. Bunge la nchi hiyo lilichunguza jambo hilo mwaka 1936. Walichookoa wenye kazi ni muda.

Sasa turudi dukani. Biti yenye kipande cha kabidi ya wolframu nchani ilitokana na ugunduzi wa Ujerumani wa miaka ya 1920. Kampuni ya Krupp iliiuza kabidi hiyo kwa jina la Widia, kifupi cha maneno yenye maana "kama almasi". Hiyo ni ya drili inayogonga huku ikizunguka, sawasawa na mkono wa mzee wangu. Inafaa kwa mwamba mnene na zege. Usiigonge nayo vigae au meza ya jiwe ya jikoni, utapasua. Huko tumia biti ya bomba yenye chembe za almasi, izunguke bila kugonga, pole pole, na maji. Usiogope neno almasi. Tangu wataalamu wa General Electric walipotengeneza almasi kiwandani mwezi Desemba 1954, chembe za kazi hazisubiri Mwadui.

Kuhusu maji, zungushia tundu ukingo wa udongo, maji yakae humo, yasiguse mota wala waya. Drili ya betri ni salama zaidi kuliko ya waya. Na barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Ulizia ile ya mafundi, inayobana uso.

Muuzaji akikuuliza "Za kutobolea nini?", ndugu yangu, mshukuru. Mjibu, kisha umuulize wewe maswali mawili: ncha hii ni ya kitu gani, na vumbi lake nitalizuiaje?

Kulabu yangu ipo, kamba ya nguo imefungwa. Ila mzee jirani, aliyetumia maji siku ile kwangu, ameniambia kwamba ujanani alipasua mawe makavu kwa miaka mingi, kwa sababu maji yalikuwa mbali. Siku hizi akipanda kilima hupumzika mara tatu njiani. Nimemshauri aende hospitali akapigwe picha ya kifua. Jumatatu nitampeleka mwenyewe.