Kumchagulia mtoto kwadi: yaliyotupata Gitothua

Kabla ya Idi moja mdogo wangu alinipigia simu kutoka Gitothua, pale Ruiru anakoishi na familia yake. "Kaka, nitafutie huko Mombasa kwadi ya mtoto. Nimemuahidi." Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita. Mimi kwa kupenda sifa za uami nikakubali, nikaitafuta, nikaipakia kwenye lori la mizigo. Miezi miwili baadaye mtoto aliingia nayo ndani ya ua wa miba ya kayaba, akatoka na mikwaruzo usoni na kifundo cha mkono kimeteguka. Alhamdulillah iliishia hapo, maana ploti ya pili imezungushwa seng'enge na waya wake uko sawa na shingo yake.

Tangu hapo nimeulizwa na wazazi kadhaa, wa Kisauni, wa Malindi na wa huko bara, jinsi ya kuichagua na kuitengeneza pikipiki hii ya magurudumu manne. Nayaandika hapa niliyoyajua, mengine kwa kuuliza mafundi na mengine kwa kukosea.

Kwanza umri. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba asiyefika miaka 16 asiendeshe kabisa. Watengenezaji wao wana daraja zao: za miaka 6 na zaidi, za 10 na zaidi, za 12 na zaidi. Ile ya miaka 6 haitakiwi kupita kilomita 24 kwa saa, na inatoka kiwandani imebanwa isizidi kama 16. Kwa kawaida injini yake ni ya sisi 50, na zile za 70 hadi 110 ni za wakubwa kidogo. Basi ukimuona muuzaji anakwambia "chukua ya 110, atakua nayo", jua anakuuzia hatari. Kiatu kikubwa mtoto atakua nacho, mashine ya kilo mia moja haimngojei akue. Na mwenye miaka mitatu au minne mnunulie ile ya betri ya volti 12 inayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, yatosha.

Watu hudhani magurudumu manne ni salama kuliko mawili kwa sababu haianguki ikisimama. Ndiyo, ikisimama. Nyingi za watoto zina ekseli moja ngumu nyuma, magurudumu yote mawili huzunguka sawasawa hata kwenye kona. Gari lina difu ya kulipa kila gurudumu mwendo wake, hii haina. Kwa hiyo mwendeshaji lazima auegemeze mwili wake ndani ya kona ili gurudumu la ndani liteleze kidogo. Mtoto wa kilo 20 juu ya mashine ya kilo 100 mwili wake hauna uzito wa kuamua jambo. Akikata kona kwa kasi, kwadi huinuka upande na kumlalia. Zile za magurudumu matatu zilikuwa mbaya zaidi, hata Marekani ziliacha kuuzwa mpya mwaka 1988.

Kumpima mtoto ni rahisi na hakuhitaji fundi. Mpande injini ikiwa imezimwa. Akisimama juu ya pahala pa miguu, kati ya kiti na msamba wake ibaki nafasi ya sentimita 8 hadi 15. Akikaa, viwiko na magoti yawe yamekunjika. Vidole vyake vifike kwenye breki bila kuuachia usukani, na kidole gumba kifike kwenye mafuta. Kisha mwambie azungushe usukani wote kushoto, halafu wote kulia. Akilazimika kuinama mbele ili kuufikisha, mashine ni kubwa kwake. Irudishe.

Ukiwa dukani itazame pia hii: ina nyavu au kingo za kuzuia mguu usiteleze mbele ya gurudumu la nyuma? Cheni na ekzosi zimefunikwa? Ina kamba ya nyuma ambayo mzazi akiivuta injini inazima? Vijikwadi vya bei rahisi vya sisi 49, vya kuvuta kamba kuwasha, mara nyingi cheni iko wazi karibu na kisigino. Tena nyingi zinatumia petroli iliyochanganywa na oili, kwa kawaida mililita 40 kwa lita moja ingawa fuata kijitabu chake, na ukimtuma kijana akakutilia petroli tupu injini huungua siku hiyo hiyo.

Sasa nirudi Gitothua, maana huko ndiko tulikokosea.

Hapa Mombasa niliiwasha, ikanguruma vizuri. Ilipofika Ruiru ikawa nzito, inatoa moshi mweusi, plagi imejaa masizi. Kule ni juu ya mita 1,500 kutoka baharini. Hewa ni nyepesi, lakini kabureta inaendelea kumwaga petroli ile ile ya Pwani, basi injini inashiba mafuta na kukosa pumzi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi ndani ya kabureta, kazi ya fundi yeyote wa bodaboda. Ila mdogo wangu hakulijua hilo. Mtoto alipomlalamikia kwamba haiendi, akafungua ile skrubu ya kubania mafuta, iliyo kwenye kidude cha kidole gumba. Ukiikaza ndani, mtoto habonyezi mbali. Ukiilegeza, anapata mafuta yote. Akailegeza hadi mwisho, na bado ikawa nzito.

Wiki ya pili fundi akabadilisha jeti. Hakuna aliyekumbuka kuirudisha skrubu.

Juu ya hayo, kijana mmoja wa kituo cha mafuta alikuwa amezijaza tairi upepo wa PSI 30 kama za gari. Tairi za kwadi ni laini, zinataka PSI 2 hadi 5 tu, na kiasi chenyewe kimeandikwa ubavuni. Kwa 30 zinaruka kama mpira wa kitenesi, na geji ya gari haiwezi hata kusoma vizuri upepo mdogo hivyo, utafute ya presha ndogo. Basi mtoto akabonyeza, mashine ikachomoka, ikagonga tuta la udongo, ikarukaruka, ikaenda kwenye miba. Kamba ya kuzimia ilikuwa imefungwa nyuma vizuri, haina wa kuishika. Baba mtu alikuwa kwenye simu.

Kwa hiyo siku ya kwanza mashine ikitoka kwenye sanduku, kaza kila nati ya magurudumu na bolti za usukani, kwani hufika zimefungwa kwa vidole tu. Bonyeza mafuta kisha achia, usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Kidude kirudi chenyewe kwa nguvu kila mara. Kikinata hata kidogo, usimpandishe mtoto. Skrubu ianze imekazwa kiasi kwamba wewe mtu mzima unaweza kutembea kwa haraka pembeni yake ukiwa umeshika kamba.

Helmeti iwe ya mtoto. Ile ya bodaboda inazunguka kichwani mwake kama sufuria. Akitikisa kichwa, ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Buti za kufunika vifundo, suruali ndefu, glavu. Na asipakiwe mwenzake nyuma, hata dada yake, hata kwa picha.

Kuhusu pahala, barabara haipo kwenye mazungumzo: sheria ya trafiki ya Kenya hairuhusu asiyefika miaka 16 kuendesha chombo cha injini barabarani, na njia za Gitothua zina malori ya mawe na bodaboda za kutosha. Hubaki ploti tupu, nazo huko zina misingi iliyochimbwa, mashimo ya choo yasiyofunikwa, seng'enge na kamba za nguo. Itembee kwa miguu kila mara kabla ya kuwasha, jirani huenda alichimba jana. Mvua za masika zikinyesha, udongo unateleza kama sabuni, ifungie ndani. Sisi wa Pwani tuna mchanga, ambao ni mwepesi kuuangukia lakini huziba filta ya hewa, na chumvi hula breki na cheni usipoosha kwa maji baridi.

Mkono wa kijana umepona, anaendesha tena. Nilipokwenda nikaikaza ile skrubu mwenyewe, nikapiga mstari wa rangi nyekundu ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye nyumba yake. Mstari ukipinda, mama yake ataona. "Ami, mbona haikimbii?" akaniuliza. Nikamwambia tutalizungumza akifika miaka kumi.