Chaguo la Pili: Ayalandi, 1990

Mwezi wa Oktoba 1992, Mary Robinson, Rais wa Ayalandi, alitoka Somalia akaja Nairobi kuwaeleza waandishi wa habari hali ya njaa aliyoishuhudia. Alikuwa mtu mwenye kujizuia, lakini siku ile uchungu ulimshinda, na maneno yake yakasikika mbali. Mwanamke huyu, miaka miwili nyuma, kura zilipohesabiwa kwao mara ya kwanza, alikuwa ametokea wa pili. Waliompa urais ni watu ambao chaguo lao la kwanza halikuwa yeye.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 7 Novemba 1990, nao wagombea walikuwa watatu. Brian Lenihan alisimamishwa na Fianna Fáil, chama ambacho hakikuwahi kushindwa katika uchaguzi wa rais. Alikuwa mcheshi, mwenye kupendwa hata na wapinzani wake; lakini wiki moja kabla ya kura alifukuzwa katika baraza la mawaziri, baada ya kanda iliyorekodiwa kuyapinga maneno aliyoyatoa hadharani. Robinson alikuwa mwanasheria aliyekaa miaka ishirini katika Seneti na kushindwa mara mbili kuingia katika baraza la wawakilishi. Aliungwa mkono na chama cha Labour. Wa tatu, Austin Currie wa Fine Gael, alikuwa mzaliwa wa Ayalandi ya Kaskazini aliyepata jina katika harakati za haki za raia.

Ili kufahamu yaliyofuata, na tumfikirie mtu anayemtuma mtoto dikoni: “Niletee nguru, ukikosa nguru, chukua changu, ukikosa changu, basi dagaa.” Mtoto mwenye akili hanunui changu ilhali nguru yuko. Wala hachukui samaki wawili, kwa kuwa fedha aliyopewa ni ya mmoja. Karatasi ya kura ya Ayalandi ni agizo la namna hiyo. Mpiga kura haweki alama ya vema. Huandika 1 mbele ya jina alipendalo kuliko yote, 2 mbele ya linalofuata, na kuendelea hadi pale moyo wake unapokoma. Akitaka kuishia kwenye 1, ni haki yake. Kura ni moja daima, ila ni kura iliyopewa ruhusa ya kuhama iwapo mwenyewe wa kwanza ameondoka mashindanoni.

Hesabu ya kwanza ilimpa Lenihan kura 694,484, Robinson 612,265 na Currie 267,902. Katika nchi nyingi kazi ingekwisha hapo, na Lenihan angeapishwa kwa asilimia 44, huku wafuasi wa Currie wakilaumiwa kwa kuzigawa kura za upinzani. Lakini sheria ya Ayalandi ilidai zaidi ya nusu, yaani kura 787,326, na hapana aliyezifikia. Hapo Currie akaondolewa. Karatasi zake zikafunguliwa tena, moja baada ya moja, ili kuona kila mwenye kura alimtaka nani baada yake. Watu 205,565 walikuwa wamemtaja Robinson. 36,789 walimtaja Lenihan. Robinson akafika 817,830 na Lenihan 731,273. Tarehe 9 Novemba Ayalandi ikawa imempata rais wake wa kwanza mwanamke, naye akawashukuru hasa wanawake wa nchi yake ambao, kwa usemi wake, badala ya kutikisa susu waliutikisa mfumo.

Zilibaki kura 25,548 za Currie zisizokuwa na pa kwenda, kwa sababu wenyewe hawakuandika jina jingine. Hao hawakudhulumiwa. Waliambiwa waseme watakacho, nao wakasema: Currie au basi.

Aliyempenda Currie hakulazimika kupiga ramli kwanza ili ajue kama mtu wake anaweza kushinda. Hofu ya “kuipoteza kura”, ambayo kwingineko humfanya mtu amkimbie ampendaye na kumkumbatia asiyemchukia sana, hapa ilipungua. Lawama moja, hata hivyo, si ya kupuuzwa. Machaguo ya pili ya wafuasi wa Lenihan hayakutazamwa kamwe, ilhali ya wafuasi wa Currie ndiyo yaliyoamua. Kwa mwenye kushindwa, huo waonekana upendeleo. Lakini kura ya Lenihan ilikuwa bado inamfanyia kazi Lenihan katika hesabu zote mbili. Nguru alikuwapo, hivyo changu hakuulizwa.

Utaratibu huu haukuzaliwa mwaka 1990. Ulijaribiwa katika mji wa Sligo, Januari 1919, chini ya utawala wa Waingereza, ili wachache nao wapate viti katika baraza la mji. Katiba ya 1937 ikautaja kwa jina lake. Katika uchaguzi wa wabunge una tata zaidi, maana jimbo moja hutoa wabunge kadhaa, na hata kura za ziada za aliyekwisha kushinda huhamishwa.

Fianna Fáil, chama kikubwa kuliko vyote, kilitaka wabunge wachaguliwe kwa njia nyepesi: jimbo moja, mtu mmoja, mwenye kura nyingi achukue. Tarehe 17 Juni 1959 swali hilo liliwekwa mbele ya wananchi siku ileile Éamon de Valera, mwasisi wa chama, alipokuwa akiwania urais. Walimpa urais, na swali lake wakalikataa kwa asilimia 51.8. Chama kilirudi nalo Oktoba 1968. Safari hii waliokataa walikuwa asilimia 60.8.