Gastroparesisi na Chungu cha Githeri

Gastroparesisi ni ugonjwa ambao tumbo hushindwa kusukuma chakula kwenda utumbo mwembamba kwa wakati wake, ilhali njia haina uvimbe wala kovu lililoiziba. Kwa mtu mwenye afya, mlo wa kawaida huwa umetoka tumboni karibu wote baada ya saa 4. Kipimo kikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 10 bado imo, ugonjwa upo. Mgonjwa hushiba kwa vijiko vichache, hujaa, husikia kichefuchefu na pengine hutapika jioni chakula cha asubuhi kikiwa bado kinatambulika. Wengi hukonda.

Kazi ya tumbo ya kusukuma chakula huongozwa na neva ya vagasi pamoja na seli za Cajal, zilizopewa jina la Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi wa Uhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Seli hizo huamsha mawimbi yapatayo 3 kila dakika, na sehemu ya chini ya tumbo huwa kinu: husaga chakula mpaka chembe zake zifikie milimita 1 au 2, ndipo zipite. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva na seli hizo. Paul Kassander wa Marekani aliueleza ugonjwa huu kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1958. Upasuaji unaojeruhi vagasi huweza kuuleta pia, na dawa kali za maumivu kama mofini hupunguza mwendo wa tumbo. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakipatikani kabisa.

Kazi hiyo ya kusaga inayokwama ndiyo msingi wa lishe: kisichoweza kusagwa na tumbo kisagwe kabla ya kumezwa. Mwaka 2014 watafiti wa Göteborg, Uswidi, walionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliokula chakula cha chembe ndogo walipungukiwa na kichefuchefu, kutapika na kujaa.

Huku Bahati, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, kwenye mashamba yaliyo njiani kwenda Subukia na Nyahururu, chakula kinachosumbua zaidi ni kile kile kinacholisha nyumba nzima. Githeri ni punje nzima za mahindi na maharagwe, zote na maganda yake. Hata ikichemka tangu asubuhi, ganda la hindi hubaki ganda. Mboga za majani kama sukuma wiki na managu zina nyuzi. Nyuzi za chungwa, maganda na mbegu huweza kukusanyika tumboni zikawa donge gumu. Mafuta nayo huchelewesha tumbo, kwa hiyo viazi vya kukaanga na nyama ya mafuta huwekwa kando.

Lakini shamba hilo hilo lina jawabu. Viazi vikimenywa, vikachemshwa na kupondwa vizuri, hukaa vyema. Mukimo wa mgonjwa hupikwa kwa viazi na nyama ya malenge yaliyoiva, bila mahindi wala majani. Karoti hulainishwa hadi ivunjike kwa kijiko. Yai la kuchemsha, samaki asiye na mafuta mengi na nyama ya kusaga huleta protini. Vitu vya majimaji mara nyingi hupita hata vigumu vikikwama, ndiyo maana uji laini, supu iliyochujwa na maziwa ya mala huokoa siku mbaya. Milo iwe midogo, 5 au 6 kwa siku, na mtu asilale mara tu baada ya kula.

Mwenye kisukari ana mtihani mzito zaidi. Kwa miaka ameambiwa ale wimbi na mboga nyingi, aache unga mweupe. Sasa anaambiwa kinyume chake. Ushauri huu na ule una sababu, na yafaa mtaalamu wa lishe auoanishe akiwa ameshika rekodi za sukari za mgonjwa mwenyewe. Sukari ikipanda, tumbo huzidi kuchelewa. Akidunga insulini kisha chakula kikasimama tumboni, sukari huweza kushuka ghafla, kwa hiyo saa ya kudunga lazima ijadiliwe na daktari.

Jambo la watu nalo si dogo. Kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, au mazishi, sahani hujazwa kwa heshima. Mwenyeji akidokezwa mapema na mtu wa nyumbani, hataona kijiko kimoja kuwa dharau.

Wengi hutibiwa alsa kwa muda mrefu kabla ya kutambuliwa. Kwanza kamera hupitishwa kooni kuhakikisha hakuna kizuizi. Kipimo chenyewe, cha kula mayai yenye dawa ya mionzi na kupigwa picha kwa saa 4, huhitaji idara ya tiba ya nyuklia, na kwa mtu wa Bahati hiyo kwa kawaida ni safari ya Nairobi. Metoklopramaidi, maarufu kama Plasil, husukuma tumbo, lakini isizidi wiki 12 bila uangalizi maalumu, kwa kuwa huweza kuleta mitetemo ya uso isiyoondoka. Erithromaisini husaidia kwa wiki chache, kisha nguvu yake hufifia.

Anayetapika hata maji, anayeona kizunguzungu akisimama au aliyetapika damu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.