Macho na Kipimo

Hapo kale mshindi wa mbio aliamuliwa kwa macho. Mwaka 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, macho na saa vilikubaliana. Mwaka 2025, katika marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, jirani ya Dodoma, aliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawasawa na Amanal Petros wa Ujerumani. Macho yalisita, kamera ya utepeni ikaonyesha kwamba Simbu alitangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Bila chombo hicho, jasho la kilomita 42 lingeishia katika ubishi.